Uso wa Mama Nyuma ya Akriliki

Apia, 15 Oktoba 2018

Dada yangu Sieni, mboni ya jicho langu,

Keti kwanza. Kama una kikombe mkononi kiweke chini, usije ukajiunguza kwa furaha. Katika kisiwa hiki kizima hakuna mtu mwenye bahati kama kaka yako. Klabu ya raga ilichezesha bahati nasibu: zawadi ya tatu gunia la mchele, ya pili nguruwe dume, na ya kwanza mashine ya kuchapia mabango, iliyoachwa na mfanyabiashara mmoja aliyefunga duka akarudi zake Auckland. Sasa niulize aliyeshinda ni nani. Mimi! Watu walinuna, na aliyepata nguruwe alinuna kuliko wote. Wala si mashine ya kitoto, dada. Hii inatema wino mweupe. Mweupe! Mashine za namna hiyo Apia utazihesabu kwa vidole vya mtu aliyegombana na msumeno.

Na bahati haikuja peke yake. Zahanati mpya ya kijijini kwetu Saletoa inafunguliwa Jumamosi ya tarehe mosi Desemba, na kamati ya wanawake imeamua iitwe jina la Mama. Zahanati ya Makerita! Yale yote ya kuvuka mto sketi imekunjwa kiunoni, kwenda kuzalisha wake za watu, hayakupotea. Juu ya mlango wanataka bango la akriliki, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, taa nyuma yake, uso wa Mama katikati. Picha ichapwe kinyume, ibandikwe mgongoni mwa akriliki, ili mvua na chumvi ya bahari na vidole vya watoto viishie mbele, visimguse.

Shangazi Fuatino, mwenyekiti wao, alitaka kazi iende kwa kampuni moja ya mjini. Nikamwambia, "Shangazi, sura ya mama yangu haitengenezwi na mtu aliyezaliwa hospitali ya mjini. Nina mashine." Akaguna vile anavyoguna, akanipa.

Sasa wewe ndiye unayelala na kuamka na roli za vinili, hizo stika za plastiki za kuchapia, huko Brisbane. Nichague ipi? Jibu ninalo, nakupa tu nafasi ya kujisikia msomi.

Kaka yako mwenye nyota,
Afele

*

Brisbane, 17 Oktoba 2018

Kaka Afele,

Nimesoma barua pepe yako nikalia, nikacheka, nikalia tena, mpaka wenzangu wa ghalani wakaniuliza kama nimefiwa. Nikawaambia nimefufuliwa mtu. Tiketi ya ndege nimeshakata. Tarehe mosi nitakuwa Saletoa, nimesimama chini ya mlango ule, natazama juu.

Kwa hiyo nisikilize, na usinijibu kwa mizaha mpaka nimalize.

Bango la kawaida, gundi iko nyuma ya picha, hakuna anayeiona. Hili la kwako gundi iko mbele. Kila atakayemtazama Mama atamtazama kupitia gundi. Vinili angavu ya bei rahisi gundi yake ina ukungu, haionekani ukiishika mkononi, ila ukiwasha taa nyuma utadhani mtu amepulizia pumzi kioo. Chukua ile nyembamba isiyonywea juani, yenye gundi safi kama maji ya chupa. Nimekukatia kipande cha kutosha mabango mawili, binamu yetu Losa anakuja Jumamosi, atakuletea.

Chapa kinyume. Rangi kwanza, nyeupe mwisho, maana mtazamaji yuko upande wa pili: sisi watu wa kioo tunavaa koti kabla ya shati. Nyeupe ipite mara moja tu, iwe nyepesi, taa ipate njia. Bila nyeupe nyuma yake Mama atakuwa kama chai bila maziwa kwenye glasi, utaona nyaya za taa kupitia mashavuni mwake.

Kwa kuwa una wino mweupe, hii angavu ndiyo yako. Usingekuwa nao ningekuambia kitu kingine kabisa. Mungu akubariki na raga yako.

Na nitumie picha ya hiyo mashine, niwaringishie hapa.

Dada yako,
Sieni

*

Apia, 29 Oktoba 2018

Dada Sieni,

Losa amefika na bomba la vinili kabeba begani kama bazuka, watu wa forodha wakamkimbia. Nakushukuru. Nimeishika ile stika nikalitazama jua kupitia kwayo: jua lenyewe halikujua kama kuna kitu katikati.

Nimefanya kama ulivyosema. Nimechapa rangi kinyume. Nimetia nyeupe nyuma. Nimebandika kwa maji ya sabuni, nikasukuma kutoka katikati kwenda pembeni, kwa mkono ambao, bila kujisifu, hauna mwenzake toka hapa mpaka Pago Pago. Mchana, dada, Mama alitoka akicheka. Lile pengo la jino lake, lile ua la sikioni, kila kitu. Niliita jirani, jirani akaita mke wake, mke wake akavua kofia.

Jioni nikawasha taa.

Sijui nikuelezeje. Taa zikawaka, Mama akazimika. Uso umekuwa wa kijivu, na kwenye shavu la kushoto na paji la uso kuna vidoa vidogo vya fedha, vingi, kama magamba ya samaki. Yule jirani alisema, "Afele, mbona kama ametoka majini?" Nimemfukuza, lakini alichosema hakikutoka naye.

Hii vinili yenu haina ugonjwa kweli?

Picha ya mashine nitatuma. Simu imeingia maji, kamera inaona giza tu.

Afele

*

Brisbane, 31 Oktoba 2018

Kaka,

Vidoa vya fedha ni hewa iliyonaswa. Hewa haizaliwi na vinili, huingia kupitia mlango, basi tutafute mlango.

Mlango wa kwanza ni akriliki yenyewe. Akriliki hupumua, kaka. Ukiitoa tu kwenye karatasi yake na kuibandika siku hiyo hiyo kwenye joto la huko, itatoa pumzi chini ya stika na kufanya malengelenge. Iache wazi ndani ya nyumba ipumzike. Kisha bandika kipande kidogo pembeni, kama stempu, uiweke juani. Kikitoka malengelenge, akriliki ndiyo mwizi. Kikikaa safi, mwache, hana hatia.

Wa pili ni mkono wako, huo nauamini.

Wa tatu ni wino mweupe. Lakini wino hauwezi kunasa hewa, wino ni wino, unalala juu ya rangi kama maziwa juu ya kahawa. Na wino uliopita mara moja hauwezi kuzima taa. Hapo ndipo sielewi. Uliupitisha mara ngapi? Niambie kila hatua, hata ile unayoiona ya kipumbavu.

Afele, nakujua. Ukikwama unaanza kuchekesha watu. Unakumbuka Mama alichokuwa akiwaambia wale wasichana walioona haya kupanua miguu mbele yake? Mficha uchi hazai. Na nisikukumbushe kwamba kwetu sisi kaka anaweza kumdanganya mchungaji, polisi na mke wake, lakini dada, hapana. Hilo ni agano, si adabu tu.

Niambie.

Sieni

*

Saletoa, 8 Novemba 2018

Afele,

Barua hii nampa dereva wa basi kwa sababu simu yako hupokei. Jana nilipita karakanani kwako na wenzangu wawili wa kamati. Ulikuwa umeinama, kitako juu, hukutuona.

Bango tumeliona. Mmoja wetu alitaka kusali, nikamzuia. Yule mwanamke aliyenipokelea watoto wangu watano, akanichapa kofi kwa mtoto wa kwanza nilipokataa kusukuma, wewe umemfanya mzimu! Ukiliweka lile juu ya mlango wa zahanati, wajawazito wataruka dirisha.

Jambo jingine. Uliniambia una mashine mpya. Mimi nimeiona mashine moja tu mle ndani, ile inayokohoa, yenye kopo la samaki chini ya mguu mmoja. Nilinyamaza mbele ya wenzangu kwa sababu wewe ni mtoto wa Makerita. Sitanyamaza mara mbili.

Nimezungumza na ile kampuni ya mjini. Muda wa kutengeneza picha hawana tena, wanaweza kutupa herufi tu: jina, bila uso. Jumatatu ya tarehe ishirini na sita nitakuja jioni, utawasha taa. Nikimwona Makerita, nitakupikia magimbi na majani yake kwa tui zito, ule mpaka ulale. Nisipomwona, tutaweka herufi, na watoto watakaozaliwa mle hawatamjua aliyeanzisha.

Na mtu anayepokea wageni kwa kitako avae suruali ya kutosha.

Shangazi yako,
Fuatino

*

Apia, 12 Novemba 2018

Dada Sieni,

Habari njema kwanza: Shangazi Fuatino alipita, akalitazama bango, akakosa maneno. Unajua mwenyewe lini mara ya mwisho yule mama alikosa maneno.

Kipande cha majaribio nimebandika kama stempu, nimekianika juani mpaka mimi mwenyewe nikaiva. Safi. Hakuna lengelenge hata la kuazima. Akriliki haina hatia, iachiwe huru.

Wino mweupe umepita mara moja. Mwepesi. Kama ulivyosema.

Nimerudia bango lote upya na kipande cha pili ulichonipa. Nimefunga madirisha, nimefagia vumbi, nimemfukuza paka. Vidoa vimerudi, safari hii na juu ya jicho. Taa ikiwaka, jicho moja la Mama linanitazama na jingine limefunikwa na mtoto wa jicho.

Mimi nimefanya mabango ya maduka, ya makanisa, ya mgombea aliyeshindwa na ya aliyemshinda. Kazi haijawahi kunikataa namna hii. Kwa hiyo ni vinili, dada. Huko kiwandani kuna mtu alilala kazini. Nitumie nyingine.

Shangazi amesema tarehe ishirini na sita uso usipoonekana wataweka herufi tu. Jina bila Mama.

Afele

*

Brisbane, 19 Novemba 2018

Kaka Afele,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa napigana.

Nilichukua maelezo yako nikayapanga mezani kama karata. Akriliki safi. Mkono safi. Wino mweupe umepita mara moja. Kilichobaki ni vinili yetu. Nikaenda kwa bosi. Nikamwambia hii roli ina kasoro, gundi yake inaachia hewa. Akaniambia wateja wengine kumi wametumia roli hiyo hiyo na hakuna aliyelalamika. Nikamwambia hao wengine si kaka yangu. Akaita mtu wa kiwandani, kijana mmoja mwenye tai, akaja na taa yake na kioo cha kukuzia. Akachapa, akatia nyeupe, akabandika, akawasha taa. Ilitoka kama dirisha la kanisa.

Akaniuliza kwa adabu, "Mama, una hakika ndugu yako alitumia wino mweupe?"

Afele, nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwetu Samoa kaka hamwambii dada yake uongo, na kama kwao wanaambiana, pole yao. Ghala zima lilisikia. Bosi akasema sawa, Sieni, kama unasimama na neno lake, sisi tutasimama na neno lako. Wanaitoa roli nzima sokoni. Na wamenipa mpya, kutoka boksi lingine, nimpelekee kaka yangu.

Sasa sikiliza. Ndege ya Alhamisi ndiyo ya mwisho itakayokufikia kabla ya Shangazi kuja. Ghalani tunafunga mzigo kesho jioni. Ninayo nafasi ya bomba moja tu, moja. Naweka angavu ile ile, mpya. Ikiwa kuna jambo lolote linalonifanya nisiweke hii, niambie kabla ya kesho jioni, maana baada ya hapo hakuna vinili nyingine, hakuna ndege nyingine, na mimi nitashuka uwanja wa ndege wa Faleolo nikaangalie herufi.

Mwanangu mdogo ananiuliza bibi alifananaje. Nimemwambia subiri, utamwona, mjomba wako anamtengeneza.

Dada yako,
Sieni

*

Apia, 20 Novemba 2018

Dada Sieni,

Zuia bomba. Kabla hujasoma mstari wa pili, mpigie mtu wa mzigo, mwambie asubiri. Kisha rudi usome.

Usiweke angavu. Weka kile kitu kingine kabisa ulichosema mwanzoni, ambacho ungeniambia kama nisingekuwa na wino mweupe. Nadhani nakijua: vinili nyeupe inayopitisha taa, nichape juu yake bila kupindua, pamoja na ile gundi angavu ya pande mbili ya kuubandikia uso wa picha kwenye akriliki. Kama nakosea nisahihishe, safari hii nitasikiliza kama mtu aliyefungwa mdomo.

Nimeanza barua pepe hii mara nyingi tangu asubuhi. Kila nikianza, mzaha unatangulia mlangoni kama mbwa wa jirani. Ule wa kwanza ulikuwa mzuri sana, ungecheka. Nimeufuta.

Nyeupe niliyotia nyuma ilikuwa stika. Ile nyeupe ya kawaida tunayobandika milangoni mwa teksi. Nilichapa rangi kwenye angavu yako, nikaibandika, kisha nikailaza stika ile juu ya mgongo wa picha nikaisukuma kwa mkono. Kila palipo na wino mzito, hewa ikanaswa katikati. Na stika ya teksi haikuumbwa kupitisha taa, ndiyo maana Mama alizimika. Vinili yako haikuwa na kosa hata moja. Ulinitumia dirisha, mimi nikaligongomea mbao kwa nyuma.

Nilipokuandikia wino umepita mara moja, nilikuwa nimekaa chini ya lile bango. Niliandika neno "mwepesi" huku jicho lake moja linanitazama.

Shangazi angeipeleka kazi mjini, Sieni. Wangempa Mama uso mzuri, uliochapwa na mtu asiyejua kwamba lile pengo la jino alilipata akifungua chupa ya dawa kwa meno, mkono mmoja umeshika kichwa cha mtoto wa watu. Nilitaka niwe mimi. Nikatafuta la kumwambia Shangazi, nikalipata, na likanipendeza kiasi kwamba nikakuandikia na wewe, na kwako likanoga zaidi. Uliposema nikutumie picha ya mashine ndipo nilipojua nimeshaingia ndani na mlango umejifunga.

Sasa nenda kwa bosi. Mwambie roli irudi sokoni. Yule kijana mwenye tai mwombe radhi kwa niaba yangu, aliuliza swali sahihi. Uwaambie ghalani kote kwamba kwetu kaka hamdanganyi dada yake, isipokuwa huyu mmoja, na mtaje kwa jina, Afele wa Makerita. Ukifika uwanja wa ndege nitakuwa nimekaa chini, kichwa nimejifunika mkeka kama kwetu mtu aliyeua anavyoomba msamaha, watu wapite wakinitazama. Unifunue au usinifunue, hilo ni lako.

Ila bomba lije. Mimi nikose msamaha, Mama asikose uso. Likifika Ijumaa, Jumamosi nachapa, Jumapili wakati wa ibada akriliki inapumzika, Jumatatu asubuhi nabandika, jioni Shangazi anawasha taa mwenyewe. Mashine inakohoa lakini rangi nne inazitoa vizuri ukiipigapiga ubavuni, na mkono wangu, huo haukuwa uongo.

Mashine ni ile ile uliyonisaidia kuishusha kwenye gari kabla hujaenda Brisbane. Wino mweupe haina, haijawahi kuwa nao. Bahati nasibu ya raga ilichezeshwa kweli, nguruwe alikuwepo na mchele ulikuwepo, na zawadi ya kwanza ilikuwa baiskeli. Sikushinda kitu, dada. Hata tiketi sikununua.

Afele